Waliopanda Uluguru na Wanaoteremka

Barabara ya kwenda Mgeta huachana na barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, jirani na Mzumbe. Hupita Mlali, ikikatiza mashamba ya tambarare, kisha huanza kupanda. Kona zinabana, joto linapungua, minazi inaachwa nyuma. Siku ya soko la Nyandira, malori aina ya Fuso huteremka njia hiyo yakiwa yamejaa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, na kuna baadhi ya kona ambako gari linalopanda hulazimika kurudi nyuma kulipisha linaloshuka. Mzigo huo huelekea Morogoro, na mwingi huendelea hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro mjini.

Mgeni anayefika huko kwa mara ya kwanza huona jambo moja kabla ya mengine yote: hakuna kijiji. Yapo majina ya vijiji, zipo ofisi za kata na bendera za shule, lakini nyumba zenyewe zimetawanyika, moja juu ya mgongo wa kilima, nyingine bondeni ng'ambo ya kijito, tatu zimejikusanya penye kipande cha ardhi kilichonyooka kidogo. Mtu anaweza kumwona jirani yake akianika maharage uani na bado akahitaji nusu saa ya kuteremka na kupanda ili akamsalimie. Mpangilio huu una historia ndefu, na kila serikali iliyotawala Morogoro imewahi kukutana nayo.

Uluguru si mlima mmoja. Ni safu inayotoka kaskazini kwenda kusini, mojawapo ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo huanzia Taita nchini Kenya ikapita Upare, Usambara, Nguru na Ukaguru hadi Udzungwa. Kilele cha Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600. Jirani yake upo uwanda wa Lukwangule wenye nyasi na ukungu, na upande wa kaskazini unasimama Bondwa, ule wenye minara ya mawasiliano ambayo wakazi wa Morogoro huiona wakitazama juu kila asubuhi. Mji wenyewe uko kwenye mita kama 500 tu. Kwa hiyo mtu anayetembea kutoka Soko Kuu hadi kilele cha Bondwa hupanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, akipita Morningside, nyumba ya mlimani iliyojengwa zama za Wajerumani.

Safu hii ina nyuso mbili. Upande wa mashariki unatazama bahari na kupokea upepo wenye unyevu. Kuna mahali ambapo mvua hupita milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali mjini Morogoro, upande wa pili wa mlima, kwa kawaida haifiki 1,000. Kinole, Tawa, Mkuyuni na Matombo ni nchi ya ndizi, mananasi, mafenesi, mdalasini, karafuu, pilipili manga na mpunga unaolimwa kwenye miteremko bila jaruba. Upande wa magharibi, ambako Mgeta iko, ni mkavu na wa baridi zaidi. Huko ndiko kwenye mboga, na matunda ambayo mtu wa pwani hukutana nayo sokoni tu: plamu, pichi, stroberi. Wakazi wa pande zote mbili ni Waluguru, lakini shamba la mmoja halifanani na la mwenzake, na ushauri unaomfaa huyu unaweza kumtia hasara yule. Hilo lingekuja kuonekana mwaka 1955.

Nani alitangulia kupanda huko? Masimulizi ya koo zenyewe yanasema kwamba wazee walikuja kwa makundi madogo kutoka pande nyingi: wengine Ubena, wengine Ukaguru, wengine Unguu na Uzigua. Hawakuja kama taifa moja lenye mfalme. Kila ukoo ulifyeka bonde lake, ukazika wafu wake hapo, na makaburi hayo yakawa hati ya ardhi. Mlima ulivutia kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja. Kulikuwa na maji na mvua za kutosha kupanda zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kulikuwa na usalama. Karne ya 19 nchi ya chini ilikuwa njia ya misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na bara, na pamoja na misafara walikuwepo watekaji watu. Aliyekaa juu ya mgongo wa kilima alimwona mgeni kabla mgeni hajamwona.

Kule bondeni mambo yalikuwa mengine. Kabla ya nusu ya karne hiyo, Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, alijenga mji wenye ngome chini ya mlima, mahali ambapo leo ni Morogoro. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alimwandika kama mtu wa kuogopwa na misafara. Stanley alipofika mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, mji ulikuwa chini ya binti wa Kisabengo, na wageni waliujua kwa jina la Simbamwene. Stanley aliusifia ukuta wake wa mawe na malango yake ya mbao zilizochongwa, akakadiria wakazi kati ya 3,000 na 5,000. Mwaka uliofuata alirudi njia ileile akakuta maafa. Mvua kubwa za Aprili 1872, msimu uleule ambao kimbunga kiliipiga Zanzibar, zilikuwa zimefurisha mto utokao mlimani, na sehemu ya ukuta ilikuwa imesombwa pamoja na nyumba na watu. Ngome iliyojengwa kuzuia maadui wa tambarare haikuwa na kinga dhidi ya mto wa mlimani.

Huko juu hakukuwa na ngome. Kilichokuwepo ni utaratibu wa ardhi, na utaratibu huo unafaa kuelezwa taratibu kwa sababu ndio ufunguo wa makazi yote ya Uluguru. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo umegawanyika katika milango midogo, na kila mlango una mkuu wake anayeshika ardhi kwa niaba ya wote. Kijana hurithi kwa mjomba. Baba anaweza kumpa mwanawe shamba alilime maisha yake yote, lakini mwana akifa, ardhi hurudi kwa ukoo wa baba. Mtu wa ukoo mwingine aliyehitaji kulima aliomba, akapewa, na akatoa malipo madogo yaitwayo ngoto, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kukiri hadharani kwamba ardhi ina mwenyewe. Kilichohitaji tahadhari ni mti. Anayepanda mti wa kudumu kwenye shamba la kuazima anaanza kujenga madai, ndiyo maana suala la nani apande nini na wapi lilikuwa suala la ukoo mzima.

Nchi za milima zina tabia ya kuzaa sheria za namna hii. Huko Uswisi, kijiji cha Törbel katika jimbo la Valais kina hati ya mwaka 1483 ya wanakijiji walioungana kusimamia malisho ya juu, misitu na nyika zao. Mwaka 1517 wakaongeza sharti kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha kwa nyasi zake mwenyewe wakati wa baridi. Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliitumia Törbel kama mfano wa watu wanaotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kunyang'anyana. Tofauti ni kwamba wa Törbel waliandika, na karatasi ikabaki ofisini. Waluguru walitunza yao katika makaburi, matambiko na kumbukumbu za wazee, na afisa aliyetoka Ulaya alipofika hakuona karatasi, akadhani hakuna sheria.

Si kwamba hapakuwa na wakubwa. Upande wa Kinole walikuwepo akina Kingalu, wa ukoo wa Bena, walioheshimika kwa uwezo wa kuleta mvua na ambao jina lao hurithiwa hadi leo. Kusini, Kolero, lilikuwepo pango la Kolelo, ambako watu walitoka hata Uzaramo kwenda kuomba mvua na rutuba. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, jina la Kolelo lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa katika habari za dawa ya maji zilizokuwa zikienea. Lakini Kingalu hakugawa mashamba ya watu wa Mgeta, wala mlinzi wa pango hakukusanya kodi Matombo. Mamlaka ya mvua yalikuwa upande mmoja, mamlaka ya ardhi upande mwingine.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni ya Matombo mwaka 1897, na baadaye Mgeta. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Miaka hiyohiyo Wajerumani waliweka mipaka ya misitu ya hifadhi juu ya mlima, na hapo kwa mara ya kwanza mkulima wa Uluguru akabanwa pande mbili: chini kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yanayotafuta vibarua, juu kulikuwa na mstari wa msitu ambao hakuruhusiwa kuuvuka na jembe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Agosti 1916, majeshi ya Waingereza na Makaburu yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuzunguka milima kuelekea Kisaki, huku wapagazi kwa maelfu wakibebeshwa mizigo kwenye miteremko hiyo.

Mboga za Mgeta zilianza katika zama hizo za wageni, kwa mahitaji ya misheni, walowezi na meza za mjini. Wenyeji walizichukua, wakazifanya zao. Walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka vijitoni, wakakata ngazi za udongo pale maji yalipofika, na kubeba kabichi kichwani hadi penye gari. Kila ngazi ilikuwa na sababu: palikuwa na maji ya kuinywesha na mnunuzi wa kuilipa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitazama milima hii ikaingiwa na hofu. Udongo ulikuwa unamomonyoka, na mto Ruvu, ambao matawi yake yanatoka Uluguru, ulikuwa tegemeo la watu wa tambarare na la mashamba ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaja mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Masharti yake yalikuwa marefu: usichome moto, panda miti, acha kulima miteremko mikali, na zaidi ya yote, chimba matuta ya ngazi. Familia zilitakiwa kutoa siku za wiki kwa kazi hiyo, na anayekaidi alipelekwa mbele ya mahakama za wenyeji kutozwa faini. Msimamizi hakuwa Mzungu peke yake. Sabu Sabu, aliyetambuliwa na serikali hiyo kuwa Sultani wa Waluguru, pamoja na wasaidizi wake, ndio waliopita vijijini kuhimiza na kuadhibu.

Kwa Mgeta, ngazi za matuta hazikuwa kitu kigeni. Kwa upande wa mashariki zilikuwa balaa. Udongo wa Matombo na Kinole ni mwembamba katika sehemu nyingi. Ukikata ngazi, unaifukia ile ngozi nyeusi yenye rutuba na kuleta juu udongo mwekundu usioota kitu. Mpunga na mahindi vilivyopandwa juu yake vilidhoofu. Penye mvua nyingi namna ile, ngazi iliyonyooka hushika maji badala ya kuyapitisha, na mteremko uliolowa sana huporomoka. Wanawake, ambao ndio wakulima wakuu, waliona siku zao za shamba zikiliwa na kazi isiyoleta chakula. Na kwa kuwa matuta ni kitu cha kudumu, yaligusa pia lile swali la zamani la nani anajenga madai kwenye ardhi ya nani.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo. Sultani na maofisa walipojaribu kuzungumza, mawe yakarushwa. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Serikali haikuwa na njia ya kuwalazimisha maelfu ya watu kushika jembe mlimani, na mpango ukaachwa mwaka huohuo. TANU, chama kilichodai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na hasira dhidi ya matuta ikaipa wafuasi wengi kuliko hotuba yoyote. Wapo walioandika baadaye kwamba Waluguru walikataa maendeleo. Walichokataa ni ratiba ya mtu mwingine kwenye mteremko wanaoujua wao. Ushahidi uko Mgeta: katika miaka ileile ambayo ngazi za Matombo zilikuwa zikibomoka kwa kuachwa, ngazi za mboga ziliendelea kuongezeka bila askari wala faini.

Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Muongo uliofuata, Operesheni Vijiji ilipowahamisha mamilioni ya Watanzania na kuwapanga kwenye safu za nyumba kando ya barabara, Uluguru, kama Kilimanjaro, haikuhamishwa kwa kiasi hicho. Watu walikuwa wamejaa tayari, na hapakuwa na uwanda wa kupanga mistari. Vijiji viliandikishwa pale pale nyumba zilipokuwa. Ndiyo maana leo mwenyekiti wa kijiji cha mlimani anaweza kuongoza vitongoji vinavyotenganishwa na korongo, na mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kwa kuzingatia nani ataweza kurudi nyumbani kabla ya giza.

Yaliyofanikiwa tangu hapo yamefuata njia ya Mgeta. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa rasmi Morogoro mwaka 1984, kilipeleka mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway huko Mgeta mwishoni mwa muongo huo. Mbuzi ni mnyama wa milima duniani kote, na aina mbili mashuhuri za maziwa, Saanen na Toggenburg, zina majina ya mabonde ya Uswisi. Huko Mgeta alipata kazi mbili. Alifungiwa bandani na kuletewa majani, kwa hiyo hakuharibu mashamba ya jirani. Maziwa yakaenda kwa watoto, samadi ikaenda kwenye kabichi. Hakuna aliyelazimishwa kumfuga. Aliyeona shamba la jirani linanenepa aliomba naye apewe jike.

Mwaka 1993 wakulima wa Morogoro na mikoa mingine waliunda MVIWATA, mtandao wa vikundi vyao, ambao baadaye ulisimamia ujenzi wa masoko ya vijijini, yakiwemo Nyandira upande wa Mgeta, Tawa, na Tandai huko Kinole. Umuhimu wa soko la mlimani uko kwenye mizani na idadi ya wanunuzi. Awali dalali alimfuata mkulima mmoja mmoja shambani, akamwambia bei ya mjini imeshuka, na mkulima mwenye kabichi zinazopasuka hakuwa na pa kuulizia. Sokoni, wanunuzi kadhaa hukutana na wakulima kadhaa mchana kweupe. Simu za mkononi zilipofika, bei ya Dar es Salaam ikawa inajulikana Nyandira kabla lori halijawasha injini.

Maji nayo yakarudi mezani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu utaratibu mpya katika kata ya Kibungo Juu, upande wa mashariki. Watumiaji wakubwa wa maji huko Dar es Salaam, wakiwemo shirika la majisafi la wakati huo na kiwanda cha Coca-Cola, walichangia fedha, na wakulima wakalipwa kwa kupanda miti na kukinga udongo katika mashamba yao, matuta yakiwemo. Mkulima alichagua sehemu ya shamba na njia inayoufaa udongo wake, akapimiwa, akalipwa. Wajukuu wa watu waliorusha mawe kuyapinga matuta wakawa wanayachimba kwa makubaliano. Mradi ulikuwa wa majaribio na uligusa vijiji vichache tu.

Mwaka 2008 misitu ya kaskazini na kusini iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Humo anaishi ndege wa msituni ajulikanaye kwa jina la kisayansi la Malaconotus alius, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Katikati ya misitu hiyo miwili, penye upenyo wa Bunduki, mashamba yalikuwa yameshaukata msitu ukawa vipande viwili, na kuuziba upenyo huo kulimaanisha kuwaondoa watu waliokuwa wakilima hapo kwenye ardhi ya koo zao.

Wakati huohuo watu wanateremka. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Morogoro ina wakazi 315,866. Ile ya 2022 ikahesabu 471,409. Si wote waliotoka mlimani, maana mji huu uko njia panda ya Dodoma na Iringa na una vyuo na viwanda vinavyovuta watu kutoka kila mkoa. Lakini kijana wa Kinole au Nyandira ambaye mjomba wake ana wapwa saba na shamba la nusu ekari anajua hesabu yake. Anashuka kuendesha bodaboda, kuuza ndizi au kufanya kibarua cha ujenzi, na hurudi juu wakati wa kupanda. Soko Kuu la mji, lililofunguliwa mwaka 2021, limepewa jina la Chifu Kingalu, na wauzaji wake wengi hununua bidhaa kwa shangazi na wajomba zao wenyewe.

Kiutawala, mlima umegawanywa. Mgeta iko Wilaya ya Mvomero, iliyotengwa na Morogoro Vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinole, Matombo, Tawa na Kolero zimebaki Morogoro Vijijini. Miteremko inayotazama mji iko chini ya Manispaa. Kijito kinaweza kuanzia halmashauri moja, kikanyweshea mboga za ya pili, na kuwa bomba la kata ya tatu. Wakati wa kiangazi, ugomvi wa mfereji kati ya mkulima wa juu na wa chini bado husuluhishwa zaidi na wazee wanaojua nani alichimba mfereji kuliko na ramani ya wilaya.

Huko tambarare, kwenye mto Ruvu, Bwawa la Kidunda linajengwa kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam na Pwani. Bwawa lolote hujaa kwa maji na hujaa kwa udongo, na vyote viwili vitatoka kwa sehemu kubwa kwenye miteremko ya Waluguru. Makadirio ya saruji na gharama za ujenzi yamekwisha kufanywa. Kilichobaki kujadiliwa na vijiji vya juu ni nani atalipwa kwa kutunza mteremko, kwa kiasi gani, na kama malipo yatapita kwa mkulima anayelima, kwa ukoo wenye ardhi, au kwa halmashauri yenye mhuri.